Vidole Vinne Chini ya Mlango

Mlango ule ulikuwa umekatwa vibaya. Fundi aliyeutengeneza alikosea kipimo, kwa hiyo kati ya ubao na sakafu ilibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Ni katika nafasi hiyo, Jumanne ya pili nilipobisha bila kujibiwa, nilipoviona vidole vinne vya mguu wa mtoto. Vilikuwa vimejipanga juu ya saruji, vimetulia tuli, vinanisikiliza. Kidole cha tano sijui kilikuwa wapi, labda kilijificha nyuma ya mwimo.

"Hodi hapa," nikasema. "Hodi wenyewe."

Vidole vikajikunja. Kisha ukatokea mkono wa mtu mzima, mkono uliochakaa kwa sabuni, ukaunyakua mguu ule, na nafasi ikabaki tupu. Sikusikia hata mnong'ono. Nilisimama pale na mkoba wangu mkubwa begani, nikajua kwamba nimefungiwa mlango mchana kweupe na watu waliomo ndani.

Niseme ukweli, niliumia. Mimi sikuzoea kufungiwa milango. Kwa miaka tisa nimekuwa mhudumu wa kituo cha malezi ya watoto wadogo, na kazi yetu ni kuzifuata familia zilizobanwa kila upande: mama aliyebaki peke yake, baba asiyeinuka kitandani, watu saba katika chumba kimoja. Kila familia tunaitembelea nyumbani mara moja kwa wiki, kwa saa moja kamili. Tunacheza na mtoto, tunazungumza na mzazi, tunatia alama kwenye fomu: anatembea, anaonyesha anachotaka, anasema. Mtoto akifika miaka mitatu anaingia darasa la kituo, anakula huko mara mbili kwa siku, na mama yake anapata muda wa kushika kazi ya maana. Kwa familia nyingi tunazozihudumia, darasa hilo ndilo tegemeo pekee.

Na mimi katika kazi hiyo nilikuwa na jina. Watoto waliniita Mama Mkoba. Mkoba wenyewe niliushona kwa mikono yangu kwa turubai nzito, nikautia zipu ndefu ya koti kuukuu. Ndani mlikuwa na vitalu vya mbao vya rangi, kitabu cha kitambaa, mwanasesere mwenye macho ya vifungo, ngoma ya bati na mpira unaolia ukiminywa. Kila jioni nilivisafisha vyote kwa maji ya moto, kimoja kimoja. Nilipoingia mtaani watoto walikimbia mbele yangu wakitangaza kwamba nafika, na mimi nikitembea kifua mbele. Wenzangu walinitania kwamba siku moja nitaugombea ubunge.

Msimamizi wetu alikuwa kijana mpole mwenye tai isiyokaa sawa, mtu wa kuipenda haki hata pale inapomuuma. Nilipomwambia habari ya mlango ule alifungua faili taratibu.

"Hii ni mara ya pili mfululizo?"

"Ya pili. Lakini wamo ndani. Mtoto nimemwona."

Akashika kalamu. "Umemwona mzima?"

"Vidole vinne."

Akaiweka kalamu chini. "Mama, fomu hii haina nafasi ya vidole."

"Basi andika mguu."

Hakucheka, ingawa nilimwona akijizuia. "Utaratibu unaujua kuliko mimi. Milango mitatu iliyofungwa, familia inatolewa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wanaosubiri ni arobaini na mmoja. Kuna mapacha wa miezi minane, mama yao anawalaza ndani ya boksi. Nimwambie nini yule mama?"

"Mwambie asubiri mpaka Jumanne."

"Mpaka Jumanne," akasema. "Ukifungiwa tena, hili faili nalifunga mimi mwenyewe, usije ukasema nimekubebesha wewe lawama."

Katika miaka yangu tisa nilikuwa nimewapoteza watoto wawili kwa utaratibu huo, na sura zao ninazo mpaka leo. Mmoja nilikutana naye baadaye barabarani, amekwisha kuwa na miaka mitano, amefungwa kwa kamba kiunoni kwenye meza ya biashara ya mama yake ili asije akaingia njiani. Sikutaka wa tatu.

Wiki nzima nilijiuliza nimemkosea nini yule mama. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili hivi, anafua nguo za watu. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hajaiona kazi wala njia ya kurudi. Mtoto alikuwa wa kike, miaka miwili na miezi minne. Alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama mkate, na kwa kuwa alipewa jina la bibi yake mzaa mama, alikuwa akiitwa Bibi tu. Nilikuwa nimewatembelea mara nne, na ziara zote nne niliziandika kuwa nzuri.

Na kweli nilidhani zilikuwa nzuri. Nilifungua zipu, Bibi akauvamia mkoba mzimamzima, kichwa ndani, miguu nje. Mama yake alikaa pembeni juu ya ndoo iliyofunikizwa, mikono katikati ya magoti, akatutazama kama mgeni katika chumba chake. Nilimuuliza maswali ya kwenye fomu.

"Mtoto anasema?"

"Anasema, mama. Anasema 'tena'."

"Na maneno mengine?"

"Hilo tu. Lakini analisema vizuri."

Nilimsubiri Bibi alitamke. Tulifundishwa kwamba mhudumu anatia alama kwa alichokisikia kwa masikio yake, si kwa alichoambiwa, maana wazazi wengine husema mtoto anaimba kumbe hata kunung'unika hanung'uniki. Bibi hakufungua mdomo. Nikaweka alama penye *hasemi*. Yule mama aliiona kalamu yangu inaposhukia, akageuka, akaokota shati lililokwisha kukamuliwa, akalikamua upya.

Saa ilipotimia nilikusanya vitu vyangu. Bibi alilia, akaung'ang'ania mkanda wa mkoba, nami nikamwachanisha kidole kimoja kimoja huku nikimwambia kwa sauti tamu kwamba tutaonana wiki ijayo. Kisha niliondoka upesi, kwa kuwa kuaga kwa muda mrefu humzidishia mtoto uchungu. Kilio chake kilinisindikiza mpaka kona ya barabara. Unajua nilifikiri nini nilipofika konani? Nilifikiri: mtoto huyu amenipenda. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Jumanne ya tatu nilifika mapema. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, uani kamba za nguo zimepita huku na huku, mashuka yameangikwa mpaka mtu huwezi kuona upande wa pili. Nilipoinama kupita chini ya shuka la kwanza nilikuta mwanamke ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, macho mekundu. Nilikuwa nimewahi kusikia habari zake. Alikuwa anasafisha wodi hospitalini usiku na kulala mchana, na uani pale walimwita Popo.

"Wewe ndiye mwenye mkoba?" akauliza bila hata salamu.

"Ndimi, dada. Habari za kazi?"

"Kazi nzuri, usingizi ndio sina. Kaa hapo. Leo nimekesha mara ya pili kukusubiri wewe."

Nikakaa. Akanielekezea kidole kilichonyauka kwa dawa za kusafishia.

"Chumba changu na chao vimetenganishwa na ubao. Mwembamba, mtoto akijikuna kichwa namsikia. Siku sita za wiki sina ugomvi nao. Wanacheza, wanacheka, mimi nalala fofofo. Jumanne ukija wewe, basi! Zipu ile ikilia tu *zrrr*, mtoto anaanza. Analia mpaka jua linazama. Analia mpaka anatapika. Wewe umeshakwenda zako."

"Mpaka jua linazama?"

"Kwani mimi nacheka? Nikaenda kwa mwenye nyumba."

"Ukamshtaki mtoto?"

"Mtoto nitamshtakije? Nikamshtaki mama yake." Akaanza kukwangua kitu kisichokuwepo kwenye goti la suruali yake. "Mwenye nyumba akamwambia, kelele za namna ile zikirudia mara moja tu, ahamishe virago. Sikujua atafika huko. Mimi nilitaka kulala tu, mama."

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na kwa mara ya kwanza niliuona jinsi ulivyo mkubwa. Nikawakumbuka watoto wote niliowahudumia kwa miaka tisa, vilio vyote vilivyonisindikiza mpaka konani, na mimi nikaendelea na safari yangu nikidhani nimepigiwa makofi. Yule binti hakuwa ameifungia huduma mlango. Alikuwa anakilinda chumba chake.

"Umesema siku nyingine wanacheka," nikamwambia Popo. "Wanacheka nini?"

"Nitajuaje? Nasikia tu maji, ndoo, na kicheko. Siku nyingine hata mimi nacheka usingizini."

Nikainuka, nikamkabidhi mkoba. "Nishikie huu."

Akaupima uzito kwa mkono mmoja. "Nitaulalia. Unafaa kuwa mto."

Nikapita chini ya mashuka mikono mitupu. Niliona aibu ya ajabu, kama mtu aliyetoka nje amesahau kuvaa viatu. Nikabisha.

"Hodi."

Kimya. Nikapiga hodi mara ya pili, kimya. Nikatazama chini, na vile vidole vikaja, polepole, vikajipanga mahali palepale. Vinne.

Kanuni inasema ukibisha mara tatu usipojibiwa uandike saa na uondoke. Hodi ya tatu nikaimeza. Badala yake nikajishusha sakafuni, magoti yakilalamika, nikakaa mgongo ukutani kando ya mlango. Chini ya kamba palikuwa na kibanio cha nguo kilichoanguka, cha plastiki, kimepauka kwa jua. Nikakiokota, nikakisukuma taratibu chini ya mlango mpaka kikagusa vile vidole.

Vidole vikaruka. Kisha kibanio kikavutwa ndani.

Nikangoja. Uani palikuwa na sauti ya matone tu yanayodondoka kutoka kwenye mashuka. Baadaye kidogo ncha ya kibanio ikachungulia, ikasogea, ikasimama nusu nje nusu ndani. Nikakivuta. Ndani mtu akavuta pumzi kwa mshangao. Nikakirudisha. Kikaletwa. Nikakirudisha kwa kasi, kikapita sakafuni na kugonga kitu cha bati, na hapo kikatoka kicheko, kicheko cha tumboni, cha mtu mdogo ambaye hajui kwamba amefichwa.

"Bibi! Nyamaza," mama yake akanong'ona, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mlango ukafunguka kidogo, upana wa uso mmoja.

"Shikamoo, mama," yule binti akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nakuomba usiingie. Nakuomba tu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja nao."

Akanitazama bega la kulia, bega la kushoto, kisha nyuma yangu.

"Uko wapi?"

"Popo anaulalia."

Tabasamu lilimpitia, akalirudisha upesi. Akafungua mlango.

Chumba kilikuwa kama nilivyokijua: kitanda, jiko, mabeseni matatu na rundo la nguo za watu. Nilikaa sakafuni, naye akaketi juu ya ndoo yake. Bibi alijificha nyuma ya miguu yake, kibanio mkononi. Sikuwa na fomu wala kalamu mkononi, vyote nilivisahau mfukoni.

"Nimeambiwa habari ya kilio," nikasema. "Sikujua."

"Si kilio, mama." Alikuwa analiviringisha pindo la kanga yake. "Kilio ni cha mtoto, kitaisha. Ila ukiufunga ule mkoba, ananigeukia mimi. Ananitazama hivi, nimpe. Nimpe nini? Nikimpa kifuniko cha sufuria anakitupa. Siku nyingine zote anakipenda kifuniko chake, anakilalia. Jumanne anakitupa." Akajifuta uso kwa mkono wenye povu. "Jumanne naonekana sina kitu. Na kweli sina, lakini siku nyingine alikuwa hajui."

Mimi nimezaa, nimelea, nimezika, lakini sijui kama kuna maneno yaliyonichoma kama yale.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

"Halafu ukaandika hasemi."

"Sikumsikia."

"Angesemaje? Mbele ya mkoba ule hata mimi sisemi."

Sauti ikatoka upande wa pili wa ubao: "Hapo kasema kweli!"

Tukashtuka wote, kisha tukacheka, na Bibi akacheka kwa kuwa tumecheka. "Na habari ya mwenye nyumba niachieni mimi," ubao ukaendelea. "Nitamwambia nilikosea chumba. Sasa chezeni, nilale."

Nikamwomba yule binti anionyeshe wanavyocheza siku nyingine. Akaona haya. Alisema hawachezi chochote cha maana, ni kazi tu. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuchoka na mazungumzo yetu. Akaburura kopo la vibanio, akalimwaga, akaanza kuvibana kimoja kimoja kwenye ukingo wa beseni, ulimi nje kwa bidii. Kubana kibanio kunataka nguvu ya vidole viwili na macho yasiyopepesa. Katika fomu yangu kuna mstari mzima wa jambo hilo, na nilikuwa nimeuacha wazi kwa kuwa mkobani mwangu hamkuwa na cha kubana.

"Huyu nani?" mama akauliza, akashika chekundu. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu mwingine, nyepesi. "Huyu askari. Anasimamisha magari. Na huyu? Huyu mwalimu, ana kiboko? Hana, kakisahau nyumbani." Kisha akachukua cha kijivu, akakilaza chali. Bibi akaweka kidole mdomoni na kumfanyia mama yake *shh*. "Eeh. Huyu amelala. Huyu Popo."

"Nimesikia!" ubao ukasema.

Bibi akaanguka kwa kucheka. Akakimbilia chini ya shuka lililotandazwa kitandani, akajifunika gubigubi, na mama yake akaja akagonga ubao wa kitanda. Hodi, hodi, nani yumo? Shuka likafunuliwa, uso ukajitokeza, unang'aa kwa furaha. Midomo ya mtoto ikafunguka kutaka kusema kitu. Kisha macho yake yakanikuta mimi, na midomo ikafungwa. Mama yake aliona, nami niliona. Akajifanya hakuona, akamfunika upya.

Saa nzima nilikaa palepale sakafuni, sikufundisha kitu. Nilikwenda kuwatembelea watu wale mara nne, na siku ile ndipo nilipofika.

Ulipofika muda nikatoa fomu mfukoni, imekunjamana. Nikaandika: mtoto ameonekana, mzima. Nikaandika habari za vibanio, nikaujaza mstari wake wote. Nilipofika penye *anasema*, kalamu ikasita. Yule binti alikuwa ameinama juu ya beseni, lakini mikono yake ilikuwa imesimama majini.

"Andika ulichosikia, mama," akasema bila kuinua uso. "Sitakasirika."

Nikauacha mstari ule wazi.

Nikasimama. Kwa mazoea mkono wangu ukapanda begani kuweka sawa mkanda usiokuwepo. Bibi aliufuata mkono ule kwa macho. Tulisubiri wote watatu, mimi, mama yake, na nadhani hata ubao ulisubiri, maana kukoroma kulikatika. Bibi akautazama mkono wangu unavyoshuka mtupu. Akatazama vibanio vyake juu ya beseni, vyote vipo, askari, mwalimu na Popo aliyelala. Kisha akaja kunisukuma.

Alinisukuma magotini kwa viganja viwili, kwa nguvu zake zote, mpaka nikavuka kizingiti. Akaushika mlango, akauegemea, ukalia bawabani, ukafungwa mbele ya pua yangu.

Huo ulikuwa mlango wa tatu. Nikabaki uani na fomu mkononi, mashuka yakinigusa mgongoni, sijui nicheke au nilie. Nikatazama chini. Vidole vilikuwepo, vimebanana kwenye nafasi ile, na safari hii nilivihesabu vitano.

Halafu nikasikia sauti, ndogo, iliyo wazi kabisa, kutoka nyuma ya mlango.

"Tena."

Nikainua mkono.

"Hodi," nikasema.